Meza Tatu na Tone Moja la Chai

Kila nikipita pale kwa Lemayian kuwasalimia, nyinyi vijana mnaniuliza swali moja: "Shosho, hii benchi kubwa hivi ilipitaje kwa huo mlango mdogo?"

Haikupita. Ilipita vipande vipande, kila kipande na mwenyewe, na kila mwenyewe na kiburi chake. Mbao ilikuwa rahisi kupitisha, kiburi ndicho kilikwama.

Naandika hii kwa sababu mlinisumbua niandike, na sio eti mimi ni mtu wa kuandika. Shule niliiacha mapema, na Kiswahili changu ni cha soko na cha vumbi la msasa. Pengine nitakosea mahali. Kyalo akisoma atasema nimedanganya, kwa hivyo pale ambapo yeye anakumbuka vingine nitawapa maneno yake pia, hata kama najua mimi ndiye niko sawa.

Tulikuwa watatu chini ya mabati mamoja hapa Kitengela, nyuma kidogo ya barabara ya Namanga: mimi, Kyalo na Lemayian. Mimi nilikuwa wa vitanda na makabati. Kyalo, Mkamba wa kutoka pande za Machakos, alikuwa wa viti na wa maneno, na sijui kipi kilimlipa zaidi. Lemayian ndiye alikuwa mdogo wetu, kijana wa Mashuuru, mrefu kama nguzo ya stima, na mkono wake kwa randa ulikuwa mtamu kuliko wangu. Nasema hivyo sasa. Wakati ule nilimwambia tu, "Unajaribu."

Kila mtu alikuwa na benchi yake, na benchi ya fundi ni kama mswaki. Hakuna anayeazima. Mwalimu wangu wa zamani kule Gataka, marehemu fundi Maina, aliyenitoa kwa kuuza chai na kuniweka kwa mbao, alinifundisha kupima urefu wa benchi hivi: simama wima na viatu vyako vya kazi, acha mkono uning'inie, kunja ngumi. Pale ngumi imefika ndipo meza ya kupigia randa inafaa kufika. Ikiwa juu zaidi utasukuma randa kwa mabega, na jioni utatembea kama umebeba mtungi. Ikiwa chini zaidi ni mgongo utalia. Shikeni hiyo, hata kwa simu zenu sijui kama wanawaambia.

Sasa mimi nimeumbwa karibu na ardhi. Benchi yangu ilikuwa fupi, na Kyalo alikuwa akipita anauliza, "Mama Shiru, hii ni benchi ama unafuga mbuzi na hapa ndipo inakulia?" Benchi ya Lemayian nayo ningeweza kupita chini yake bila kuinama. Hiyo ni chumvi, nitoe. Nilijaribu siku moja na niliinama, lakini kidogo tu. Ya Kyalo ilikuwa katikati.

Tungekaa hivyo mpaka leo, kila mtu na kisiwa chake, kama baba yake Lemayian hangekuja.

Mzee Koikai alifika asubuhi moja ya kiangazi, na shuka yake na fimbo yake, akasimama kwa mlango akitazama vumbi la mbao kama mtu anatazama ng'ombe wa mwingine ndani ya shamba lake. Alinisalimia kwanza kwa sababu mimi ndiye nilikuwa mkubwa.

"Takwenya."

"Iko," nikajibu. Hiyo nilikuwa nimeshajifunza.

Halafu akamtazama kijana wake. "Bado unakwaruza miti?"

"Bado, Papa."

"Ng'ombe wanaongezeka, wachungaji wanapungua. Ndugu zako wako Nairobi, wewe uko kwa maranda. Mimi nichunge na nani? Na hii fimbo?"

Lemayian akaendelea kupangusa randa yake. Kyalo, ambaye kunyamaza kulimshinda tangu azaliwe, akasema, "Mzee, huyu kijana ni fundi kabisa. Mpe kazi umwone."

Kyalo anasema hakusema hivyo, kwamba ni mimi. Wacha iwe ni sisi.

Mzee akaketi kwa kiti kimoja cha Kyalo, akakitikisa kwanza, akatuambia shida yake. Binti yake, dada ya Lemayian, alikuwa anaolewa mvua ikianza, na wakwe wangekuja na wazee wengi. Mwaka mmoja nyuma alikuwa ameenda sherehe kwa jirani. Huko wakaunganisha meza mbili, wakafunika na kitambaa kizuri, na yeye kama mgeni mkubwa akawekwa pale katikati. Kijana akaweka chupa ya chai juu ya nafasi iliyofichwa na kitambaa, chupa ikalala, chai ya moto yote ikapita kati ya meza mbili ikaishia kwa mapaja ya Mzee Koikai, mbele ya watu.

"Niliruka," akasema. "Mimi, mzee wa rika langu, niliruka kama ndama."

Hakuna aliyecheka. Kyalo alienda nje kuangalia kama mvua iko karibu, na ilikuwa kiangazi.

"Kwa hivyo nataka meza moja," mzee akaendelea. "Ndefu. Wazee wakae upande mmoja bila mabega kugusana. Mbao zitoke mwanzo mpaka mwisho, zisikatwe katikati zikaungwa. Lemayian, wewe utanitengenezea. Nikikuta kiungo, unafunga vitu vyako unarudi nyumbani kuchunga. Nisipokuta, kaa hapa na miti yako, sitakuuliza tena."

Lemayian akasema, "Sawa, Papa."

Shida ni hii. Huwezi kutengeneza meza ndefu juu ya benchi fupi. Mbao zikining'inia pande zote mbili zinashuka kwa uzito wao, na gundi ikikauka hapo, meza yako inazaliwa na kibiongo. Kazi ndefu inataka kulala mahali panapotosha mwili wake wote, na pawe sawa. Hapakuwa na nafasi ya kuingiza benchi mpya ndefu hapo ndani, na hata kama ingekuwa, mlango huo mnaujua.

Lemayian ndiye alisema, "Tuunganishe zetu."

Nataka mjue hiyo ilikuwa kusema kitu kikubwa. Benchi yangu ilikuwa haijawahi kuguswa na mkono wa mwingine isipokuwa inspekta wa kaunti, na huyo aliegemea tu. Lakini nikamtazama yule kijana, nikafikiria hizo randa zake akizitundika ukutani aende kuhesabu mikia ya ng'ombe, na nikaona afadhali mbuzi wangu alale na ngamia wake.

Tukaanza na urefu, na hapo ndipo vita.

"Lemayian akate miguu," akasema Kyalo.

"Nikate? Kwani wewe ulikatwa yako?"

"Mimi niko sawa. Niko katikati. Haki hukaa katikati, na katikati ni mimi."

Na kwa bahati mbaya alikuwa anasema ukweli. Benchi yake haikuhitaji kuguswa. Yangu ilitakiwa kupanda, na ya Lemayian kushuka. Mimi nilikubali kuwekewa magogo chini ya miguu, na kreti ya soda ya kusimamia. Nilisimama juu ya hiyo kreti miaka mingi, mkiniona kwa picha za zamani nikiwa na kimo, ni cha soda hicho.

Lakini Lemayian alikataa msumeno. Miguu ya benchi yake ilikuwa ya oloirien, mzeituni wa porini, ule mti ambao kwao wanasafishia vibuyu vya maziwa. Mama yake ndiye alimpa zile mbao siku aliondoka nyumbani, na baba hakuwa amejua. "Sikati," akasema. "Mama aliikata mara moja. Inatosha."

Basi mtu akapata akili kubwa: kama miguu ni mirefu na haikatwi, tuchimbe mashimo, tuizike mpaka meza ishuke. Kyalo anasema wazo lilikuwa langu. Mimi nasema lilikuwa lake. Kitu tunakubaliana ni kwamba jembe lilikuwa la jirani.

Nyinyi mliozaliwa hapa sasa hivi mmecheka, kwa sababu mnajua udongo wetu. Sisi pia tulijua! Hiyo ndiyo inaniuma. Kila mtu Kitengela anajua ule udongo mweusi. Kiangazi unapasuka mpaka Kyalo aliwahi kupoteza patasi ndani ya ufa na tukaisikia ikienda. Mvua ikinyesha unavimba kama unga wa mandazi, unainua nyumba za watu, unapasua kuta. Tulikuwa tumetengeneza milango mingi ya watu iliyokataa kufunga kwa sababu ya huo udongo. Na bado tukachukua miguu ya benchi tukaipanda ndani yake kama miche.

Lakini ilikuwa kiangazi, na kiangazi mtu huamini kila kitu.

Kazi ya kuunganisha yenyewe tuliifanya vizuri, na hapo sitajidharau. Sikilizeni, kwa sababu hii mtaitumia. Kwanza usipige misumari. Nilipokuwa Gataka niliwahi kuunganisha meza mbili kwa misumari, na siku nilizipitisha randa, ulimi wa randa ukakuta kichwa cha msumari, na fundi Maina akaniambia tu, "Sasa umenyoa jiwe. Unasikia raha?" Nilinoa siku nzima.

Pili, usizikaze milele. Kila meza tuliitoboa kwa ubavu, tukaweka vijiti vigumu vya mbao vinavyoingia kwa mwenzake, vya kushika juu zilingane. Halafu chini tukaweka ubao unaopita kutoka meza moja hadi nyingine, na kabari, zile kabari ndogo za mbao, mbili mbili zikitazamana. Ukigonga moja huku na nyingine kule, meza zinavutana mpaka unasikia zikikohoa. Ukitaka kuzitenganisha unagonga kinyume. Kabari inasikia nyundo, na hata kesho ikiambiwa irudi itarudi. Msumari ukishasema ndio hausikii tena.

Tatu, usawa. Pima maji ile fupi haitoshi kwa kitu kirefu. Tulichukua mpira wa maji wa waashi, ule wa kuonekana ndani, tukaujaza, mmoja akashika huku na mwingine kule. Maji hayana kabila, yakisema hapa na pale ni sawa, ni sawa. Mwisho tukapiga randa meza zote tatu kwa pamoja, mshazari, kutoka kona hii hadi ile, kana kwamba ni ubao mmoja. Lemayian ndiye alipiga. Alipomaliza nilipitisha kiganja macho yakiwa yamefungwa, na sikujua meza yangu inaishia wapi na yake inaanzia wapi. Niliona huzuni kidogo, kusema ukweli, kama mtu ametafuta nyumba yake akaikosa.

Juu yake tukalaza mbao ndefu tulizokuwa tumenunua kwa meza ya Mzee Koikai, tukazipaka gundi ubavuni, tukazibana na klampu mpaka chini, zisipinde. Ilikuwa jioni. Tukafunga mlango tukaenda nyumbani tukijisifu.

Mvua haikungoja. Ilinyesha ile ya kupiga mabati mpaka huwezi kusikia mtu akiomba chumvi mezani.

Asubuhi nilifika wa kwanza. Maji ya barabara yalikuwa yamepita chini ya ukuta upande wa Lemayian. Benchi yake ilikuwa imesimama. Sijui nisemeje. Ilikuwa imeinuka kona moja, ikatoa mguu nje ya shimo kama ngamia anayeamka, na pale kabari zilikuwa zimeshika kwa nguvu zetu zote, ikavuta zile zingine nyuma yake. Na meza ya mzee, iliyobanwa hapo juu gundi ikikauka usiku mzima, ilikuwa imefuata.

Kuna njia ya kujua mbao imepinda ambayo jicho tupu haliwezi kudanganya. Unaweka vijiti viwili vilivyonyooka, kimoja kila mwisho, halafu unainama ufunge jicho moja uangalie kimoja juu ya kingine. Vikilala pamoja, shukuru. Lemayian aliviweka, akainama, akakaa hapo chini muda.

"Iko vipi?" Kyalo akauliza.

"Angalia mwenyewe."

Kyalo akainama. Nilingoja mzaha, na haukuja. Hapo ndipo nilijua ni mbaya.

Kunyoosha kwa randa haingewezekana. Ungetoa upande mmoja mpaka ubaki kama chapati. Mbao zingine za urefu ule hazikuwa karibu, na mzee alikuwa anakuja Jumamosi. Tukaitoa ile meza, tukaiegemeza ukutani, ikasimama pale imekunja mwili kama mtu anakataa kupigwa picha.

Lemayian alikaa kwa kreti yangu. Halafu akainuka, akachukua msumeno, akaenda kwa benchi yake.

"Wacha," nikamwambia. "Miguu ya mama yako."

"Mama Shiru, mama alinipa nifanye kazi nayo. Hakunipa nipande."

Akakata. Mguu mmoja, mwingine, mpaka yote. Kile kipande cha kwanza alikiweka mfukoni. Tukafukia mashimo, tukamwaga maramu, ule udongo wa changarawe wa barabara, tukalaza mbao nene juu, na meza zote tatu tukazisimamisha hapo, kila mguu na kabari yake chini. Kutoka siku hiyo kazi ya kwanza asubuhi ikawa kugonga kabari. Udongo ukiinuka hapa unapunguza, ukishuka pale unaongeza. Kwa hivyo nyinyi mnaolalamika kwamba mnafagia kabla ya chai, nyamazeni.

Zile meza zilikuwa zimekwaruzana kwa kuvutwa, kwa hivyo tukazitoa majiliwa, zile za kubania mbao ubavuni, tukazipiga randa tena upya, tukazipaka mafuta. Kwa nini tulifanya hivyo wakati kazi yenyewe ilikuwa imeharibika, sijui. Mikono ilikuwa haitaki kukaa. Na kwa sababu matone yalikuwa yanaruka kutoka mlangoni, tukafunga turubai kuzunguka miguu yote mpaka chini.

Ilikuwa Alhamisi. Na Alhamisi hiyo hiyo, sio Jumamosi, tukasikia fimbo ikigonga mlango.

"Takwenya."

"Iko," nikajibu, na roho ikanishuka mpaka kwa kreti.

Barabara ya kwao ilikuwa imeanza kuharibika, akaona aje mapema na pikapu kabla haijakatika. Alisimama pale mlangoni na gambuti zenye matope, akaangalia. Kilichokuwa mbele yake ni meza ndefu, imeng'aa kwa mafuta, turubai imeficha miguu. Ile nyingine, ile yake, ilikuwa nyuma ya mlango aliousukuma mwenyewe.

"Hm," akasema.

Akaweka fimbo chini. Akafunga macho. Akaweka ukucha wa kidole gumba mwanzo wa meza na akaanza kutembea, polepole, ukucha ukikwaruza mbao. Alipita benchi yangu. Akafika pale zinakutana. Nilishika kreti. Ukucha ukapita bila kusimama. Akapita ya Lemayian. Akafika kwa kiungo cha pili, ukapita. Akafika mwisho, akafungua macho, akarudi tena akitumia mkono mwingine.

"Nimetafuta," akasema. "Sijapata." Akamgeukia Lemayian, na kwa mara ya kwanza nikaona huyo mzee ana meno. "Haya. Kaa na miti yako."

Sasa mjue ilivyokuwa hapo ndani. Kyalo alinitazama. Mimi nilimtazama Kyalo. Macho yake yalisema, Mama Shiru, nakuomba kwa jina la mama yako, kunywa maji ukae kimya. Mnanijua mimi na ukweli, huwa unanitoka kama jasho. Nilikuwa nimefungua mdomo, na Kyalo anasema alikohoa ili kunifunika, na nakubali alikohoa. Lakini hatukuhitajika, wote wawili.

"Papa," akasema Lemayian, "hiyo si meza yako."

"Ni ya nani?"

"Hiyo ni benchi. Tunafanyia kazi. Na iko na viungo viwili."

Mzee akacheka. "Wapi?"

Lemayian akavuta turubai. Miguu ikaonekana: yangu minene juu ya magogo, ya Kyalo imepinda kidogo, na ya oloirien, mifupi, imekatwa, weupe wa msumeno bado mpya. Mzee akainama. Akaangalia ile miguu kwa muda. Aliujua ule mti.

Lemayian akachukua nyundo, akagonga kabari kinyume. Meza zikakohoa, zikaachana, mkono mzima ukaingia katikati.

"Na yako ni ile, nyuma ya mlango. Imepinda. Tulipanda benchi kwa udongo, mvua ikaiinua."

"Mlipanda benchi," akarudia mzee, "kwa udongo."

"Ndio."

"Udongo wa hapa?"

"Wa hapa, Papa."

Mzee Koikai akatutazama mmoja mmoja, watu wazima watatu. Mimi niliangalia juu, mabati yalikuwa mazuri tu. Halafu akaelekeza fimbo kwa zile meza. "Rudisha."

Lemayian akagonga. Zikavutana. Mzee akapitisha ukucha.

"Fungua."

Akafungua.

"Rudisha." Mara hii mzee mwenyewe alishika nyundo, akagonga kabari moja, na meza ilipokohoa akaruka nyuma kidogo kama mtoto, halafu akajifanya hajaruka.

"Kuna chai?"

Nilikuwa na chupa. Nikamimina kikombe, chai ya maziwa, moto. Sikujua anataka kufanya nini. Alikichukua, akakibeba mpaka pale benchi yangu inakutana na ya Lemayian, na akakimwaga chote, polepole, juu ya ile laini ya kiungo. Halafu huyo mzee wa watu, na shuka yake nzuri, akapiga magoti kwa maranda akaingiza kichwa chini ya meza.

Sisi pia tukapiga magoti. Tulikuwa vichwa vinne chini ya benchi tukitazama juu, na kama mteja angeingia wakati huo angefikiri tumeokoka sote pamoja.

Tulingoja. Juu kulikuwa na bwawa zima la chai. Chini mbao ilikuwa kavu. Halafu pale kwenye laini pakawa peusi kidogo, pakang'aa, na likaanza kukusanyika tone. Likanenepa. Likaning'inia. Likaanguka.

Kyalo mpaka leo anasema halikuanguka. Lilianguka. Nililiona, na Mzee Koikai pia aliliona, kwa sababu alinyoosha mkono akalidaka kwa kiganja. Akaliangalia.

"Chai yote hiyo," mzee akasema, "na huku tone moja."

"Ndio, Papa."

"Tone moja halichomi mtu." Akajipangusa kwa shuka. "Hizi ndizo zitakuja kwa harusi. Na mkuje na nyundo." Halafu, bado tukiwa huko chini, akaweka mkono kwa ule mguu wa oloirien, pale umekatwa. "Mama yako anajua?"

"Bado."

"Mimi nitamwambia. Wewe uko na kazi."

Benchi yetu ilienda Mashuuru imevaa kitambaa cheupe. Mimi niliketi na wanawake nikiwa na kabari ndani ya mkoba, na kila nyimbo zikiisha nilikuwa naenda kuchungulia chini ya wazee. Wakwe waliweka chupa za chai popote walipotaka. Hakuna aliyeruka. Jumatatu meza zilirudi kazini, na wiki hiyo mzee alituma neno kwamba majirani wanne wanataka za namna hiyo, za kuungwa na kuachanishwa, na kijana asithubutu kurudi nyumbani kabla hajazimaliza. Ile iliyopinda ndiyo hiyo mnakalia mkinywa uji pale nje. Wateja hufikiri tuliitengeneza ibembee makusudi, na Kyalo huwa anawaambia ndio.

Nilipostaafu, Lemayian alinigongea kabari zangu mwenyewe akaniletea benchi yangu mpaka nyumbani. Nikaitoa yale magogo, nikashuka kwa kreti, nikasimama wima nikakunja ngumi nione kama bado inanifaa. Ilikuwa fupi. Miaka yote juu ya soda ilikuwa imenizoesha urefu ambao si wangu. Nimerudisha magogo. Kreti iko chini ya miguu yangu hata sasa nikiandika.

Na pale ukingoni, upande uliokuwa ukigusana na wake, kuna alama ya chai. Kila wakati tulipopiga randa, Lemayian aliiruka sehemu hiyo, na mimi sikumuuliza. Ni nusu ya duara tu, imekatwa wima kama kwa msumeno. Nusu ile nyingine iko kwake, hapo mnapowekelea simu zenu. Zitoeni muione.